Nyimbo Saba za Kuanzia

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tisa mwezi wa tano, saa tano kasoro robo asubuhi, pale Meneja wa ukumbi wa jamii alipobandika karatasi kwenye mlango wa darasa la gitaa. Darasa limefungwa kwa kukosa wahitimu. Mwalimu anahamishiwa mji mwingine, akasimamie stoo ya viti. Mistari miwili na muhuri. Watu wa vyeo hawana maneno mengi wanapokuangamiza.

Lakini tuanzie mwezi wa nane wa mwaka uliotangulia, kwenye foleni ya ofisi ya maji. Madirisha sita, linalofanya kazi ni moja, na aliyekaa ndani yake anakunywa chai. Mwanamke aliyekuwa mbele aligeuka ghafla, na kichwa cha gitaa alilobeba mgongoni kikampiga shavuni mwanamume aliyemfuata. Huyo watu walimwita Fundi Geti, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti.

"Dada, na hilo gogo lako! Utanitoa jicho!"

"Pole, kaka. Si gogo, ni gitaa. Na hilo jicho lilifuata nini huku kwangu?"

Foleni nzima ikacheka. Mwanamke alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, na kilemba cheupe amekifunga upande. Fundi alikuwa na ovaroli iliyojaa matundu ya cheche. Mke wake alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na tangu hapo alikuwa hajacheka na mwanamke yeyote. Siku hiyo alicheka.

"Linapigwaje?"

"Njoo ukumbini Jumamosi saa tisa, mimi ndiye mwalimu. Nina nyimbo saba nyepesi za wanaoanza. Mikao mitatu ya vidole, basi."

"Mimi shule niliishia darasa la nne."

"Gitaa haliulizi hilo."

"Na nikizimaliza zote saba?"

"Nakupa cheti, unaniaga, anaingia mwingine."

Hilo la kuaga likamkaa vibaya moyoni.

Walianza wanafunzi watano. Wenzake wanne walilalamika nyuzi zinawakata ncha za vidole, wakaacha mmoja mmoja. Vidole vya Fundi vilikuwa vimekwisha kufa ganzi kwa moto wa kazi yake. Wimbo wa kwanza, wa kubembeleza mtoto, una mikao miwili tu. Akaupata siku hiyo hiyo. Ukaja wa mvua, ukaja wa harusi, na kufikia mwezi wa kumi na moja alikuwa na sita. Wa saba alijifunza peke yake karakanani, mchana, amekalia geti la mteja, mpaka ukatoka safi kama maji.

Halafu Jumamosi akauharibu. Makusudi. Pale pale katikati.

"Kidole cha tatu, mpenzi," alisema Mwalimu, akashtuka. "Yaani, Fundi."

"Rudia hilo neno, labda kidole kitasikia."

"Acha utani. Lete mkono." Akakishika kidole, akakipeleka kwenye uzi wake.

Kwa sababu ya kushikwa hivyo, mtu mzima alishindwa wimbo mmoja miezi sita. Jioni anampigia Mwalimu simu: "Leo tena nimekosea, mama." "Najua, baba. Tutafika tu."

Naye Mwalimu alikuwa na lake. Meneja, ambaye hajawahi hata kushika gitaa, alimwambia atoe mhitimu mmoja kabla ya mwezi wa tano, la sivyo darasa linafungwa. Hakumwambia Fundi. Alimwona anavyohangaika, akahofia kwamba akimsukuma atamvunja moyo.

Jumatano ile alimpigia simu analia. Fundi akafika mbio, miwani ya kuchomelea bado iko kichwani, akamkuta Mwalimu anakusanya madaftari, na Meneja amesimama mlangoni na funguo.

"Bosi, mhitimu ni mimi," Fundi alisema. Akachukua gitaa, akakaa sakafuni pale koridoni, akaupiga wimbo wa saba mwanzo hadi mwisho. Hakukosea popote. Makarani walitoka maofisini kusikiliza. Mmoja akapiga makofi.

"Karatasi imeshasainiwa," Meneja alisema, huku akitazama saa yake. Hata pole hakusema.

Fundi akamgeukia Mwalimu. Alimkuta amemkazia macho.

"Umeujua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kumi na moja."

"Yaani kila siku naomba Mungu amsaidie mtu anayeujua?"

"Nilitaka Jumamosi zisiishe, mama. Sikujua kwamba kuna watu wanahesabu wahitimu."

"Ungeniambia!"

"Na wewe je, uliniambia?"

Mwalimu akabeba begi lake, akatoka.

Wiki tatu hakupokea simu. Ya nne akapokea.

"Unakula?" Fundi aliuliza.

"Nakula. Nahesabu viti mia mbili na kumi kila asubuhi, eti visije vikaondoka."

"Si vina miguu?"

"Fundi, wewe!" Akacheka kidogo. "Njoo Jumapili."

Alipanda basi la alfajiri. Alimkuta stoo, kwenye koti la kazi la kijivu linalomzidi mabega, vumbi kwenye nyusi. Wakakaa kwenye viti viwili vya plastiki, magoti yakigusana.

"Yule Meneja simsamehe," Mwalimu alisema. "Wewe nimekusamehe, sijui hata lini."

"Basi nikuoe. Nitahamia huku. Mageti hata huku yapo."

Mwalimu aliushika mkono wake wenye makovu, akautazama muda mrefu.

"Nataka. Usidhani sitaki." Machozi yakamtoka, asiyafute. "Lakini tutaishi pamoja, Fundi. Utaugua, utachoka, utaniambia umeshindwa. Sasa mimi nitajuaje siku ambayo umeshindwa kweli?"