Paka Aliyelinda Mbegu ya Mwanaheri

Wakati wa vita vya Maji Maji, Mwanaheri na mumewe Mfaume walishuka kutoka milima ya Umatumbi. Walivuka mto Rufiji, wakajenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, katikati ya mashamba. Askari wa Mdachi walikuwa wamechoma ghala lao. Waliokoa kapu moja tu la mbegu ya mpunga.

Kila siku Mwanaheri alichimba ming'oko, viazi vya mwituni, porini. Mfaume alitega samaki. Kapu halikuguswa. Mvua ikija bila mbegu, wangekufa njaa.

Lakini panya waliligusa. Na panya wa mwaka ule, jamani, walinenepa hata wakitembea dungu linatikisika!

"Usihofu," alisema Mfaume. Alikuwa amebakiza kibuyu cha maji ya dawa, yale waliyopewa ili risasi zisiwadhuru. Akayanyunyiza juu ya kapu. "Risasi yageuka maji, sembuse jino la panya!"

Kulipokucha, kapu lilikuwa na tundu la kupitisha ngumi.

"Naona panya hawajapata habari za dawa yako," alisema Mwanaheri.

Mfaume akatafuta paka katika kijiji kilichohamwa. Akamfunga kwenye nguzo, akamnyima chakula. "Njaa itamtia ukali." Paka akaitafuna kamba, akatokomea. Mbegu ikazidi kupungua. Mwanaheri alitia mkono kapuni, akalia.

Jirani yao, Bi Mwamvua, Mndengereko wa pale pale, alikuja kuomba moto. Alipoelezwa kisa akacheka.

"Shemeji, ulileta paka gani?" alimwuliza Mfaume.

"Paka si paka tu?"

"Mmatumbi wee! Alikuwa na kichwa kikubwa, masikio yamechanika?"

"Ndiye huyo huyo."

"Huyo ni shume, dume la kuzurura. Hakai kwa mtu. Na ukimwona wa porini mwenye miguu mirefu, huyo ni kimburu. Atamaliza kuku na kukuparura uso. Nyinyi mnataka paka jike mwenye watoto. Huwinda sana, maana ana wa kulisha."

"Basi nimfunge vizuri."

"Usimfunge! Na mpe chakula kidogo kila jioni, na maji. Akishinda na njaa atahama. Akipata kidogo atakaa, na panya atawakamata vile vile. Ndivyo alivyoumbwa."

"Nimpe paka samaki wangu? Katika njaa hii?"

"Kichwa cha perege au kapu zima, shemeji. Chagua."

Mwanaheri hakungoja mumewe achague. "Niletee huyo jike, dada yangu."

Bi Mwamvua alileta paka wa milia na watoto wake ndani ya tenga. Mwanaheri aliziba tundu, akalining'iniza kapu juu, akafagia punje zote sakafuni. Asubuhi alikuta panya wamelazwa mlangoni, wamekufa. Baada ya siku chache, dungu likatulia kabisa.

Mvua ikanyesha. Mbegu iliyobaki ikatosha shamba dogo, na mpunga ukachipua kijani kibichi.

Jioni moja Mfaume alirudi na perege mmoja mdogo. Alikata kichwa, akampelekea paka kwanza.

"Na sisi je?" aliuliza Mwanaheri.

"Sisi tungoje. Mwenzetu yuko kazini."

Mwanaheri akacheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amecheka tangu wavuke mto.