Friji la Bei ya Kutupa

Haya yalimkuta rafiki yangu Auleria, mwalimu wa Mbagala. Alinunua friji la mtumba kwa bei ya kutupa dukani kwa Gervas, anayeimba naye kwaya moja. Gervas alimwapia kwamba linagandisha maji mpaka yanakuwa jiwe.

Wiki nzima halikupoza hata glasi ya maji. Auleria akamfuata dukani.

"Sista, mali ikishatoka hairudi," Gervas alimjibu, huku akimhudumia mwingine.

"Gervas, leo mie ni mteja tu? Si tunashika kitabu kimoja cha nyimbo?"

Hakugeuka hata kumtazama.

Jioni hiyo umeme ukakatika. Auleria alikuwa amekaa jikoni gizani, machozi ya hasira yakimlengalenga, aliposikia friji likinguruma. Alipapasa ukutani, akakuta waya uko vilevile alivyouchomoa asubuhi. Mngurumo ukakoma, kisha mlango wa friji ukagongwa kwa ndani, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Akawasha tochi ya simu, akafungua. Ndani hamkuwa na kitu ila barafu nyeupe iliyotanda hadi mlangoni. Katika barafu ya mlango, kiganja cha mtu kilikuwa kimeyeyusha alama yake, na maji yaliyochuruzika hapo yalikuwa bado ya vuguvugu.