Fito Sita za Luciana

Mliangalia pembeni, ninyi. Mwaka juzi, mwezi wa tatu, Kristiana alikata roho katikati ya Ziwa Tanganyika akipelekwa Kipili kujifungua, nanyi mkasema ni mapenzi ya Mungu, mkamalizia chai. Mungu hakushona lile tanga la mashua iliyombeba. Lilikuwa na vijiti vifupi vya kulikaza, ukingoni mwa nyuma tu. Upepo ulipokuja likapigapiga mpaka likawa matambara, na mashua ikabaki inaelea kama gunia tupu.

Luciana, fundi cherehani wa Kizwite, mjini kule juu milimani, hakusahau. Alipopewa kazi ya kushona tanga jipya alisema hivi: fito sita za mwanzi, ndefu, kutoka mlingotini mpaka ukingo wa nyuma.

Zenon, nahodha, akacheka kwenye simu. "Fundi, wewe umezoea sare za shule. Mti wa tanga letu, ule unaolala, ni pacha, unalikumbatia tanga huku na huku, wenyewe unalitanua. Fito ndefu za nini? Nzito kupandisha!"

"Utapandisha. Si una mikono miwili?"

Akapasua mianzi, akaitundika juu ya jiko la mama yake ikaushwe na moshi, pale zinapotundikwa mbegu za mahindi. Mitano ilikauka vizuri. Wa sita alikuta umeliwa na wadudu. Basi la kushuka ziwani lilikuwa kesho yake. Akachukua mwanzi mbichi, akausukuma kwenye mfuko wake wa kitambaa ndani ya tanga, akashona. Hakumwambia mtu.

Sasa, saa nane mchana, alikuwa amekaa ndani ya mashua hiyohiyo ya Kristiana, amekuja kuona tanga lake jipya likifanya kazi, na upepo ulikuwa umeshuka kutoka milimani kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Chini kwenye mbao alilala Adela, akipelekwa Kipili kujifungua, uchungu umemshika tangu alfajiri, kijijini kwao hakuna barabara. Mashine ilikuwa imekohoa mara mbili ikazima. Nyuma yao palikuwa na maji tu, na ng'ambo ya maji, Kongo.

"Mwaga maji!" Zenon alipiga kelele, kifua juu ya usukani. Luciana akamwaga kwa ndoo, mikono inaungua.

Tanga likachanika. Mlio wake aliujua, ni mlio wa kitambaa chake mwenyewe. Mpasuko ukakimbia kwenda juu, ukafika kwenye ufito, ukakoma hapohapo. Luciana alisubiri lianze kupigapiga. Halikupiga. Fito zilikuwa zimelishika kama mbavu, na mashua ikaendelea kuukabili upepo kuelekea nchi kavu.

Kisha ule mbichi ukavunjika.

Tanga likakunjika katikati, omo, pua ya mashua, ikaanza kugeukia Kongo.

"Umevunjikaje huo?" Zenon aliuliza.

"Haukukauka. Nilijua." Luciana alimeza maji ya ziwa na aibu kwa pamoja. "Shusha tanga kidogo, niufikie."

"Fundi, utatupwa nje!"

"Basi nishike kanga!"

Tanga likashuka kati ya mikono miwili ya ule mti pacha, likatulia. Luciana akasimama, Zenon kamshika kiunoni kwa mkono mmoja. Alihitaji kitu kigumu cha kufungia mvunjiko.

"Kwenye furushi langu," Adela alisema kutoka chini, meno yamekazwa. "Mwiko."

"Mwiko wako wa ugali?"

"Dada, unataka nikupikie kwanza?"

Luciana akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Akaulaza mwiko juu ya mvunjiko, akaufunga kwa mpira wa baiskeli, akakaza kwa meno. Zenon akapandisha tanga. Ufito ukapinda, ukalia, ukashika.

Saa kumi na moja mashua iligusa mchanga wa Kipili. Watu wakambeba Adela kwenda zahanati, na jua halijazama akazaa mtoto wa kike, mnene, mwenye hasira. Luciana alikaa nje ukutani, viganja vimechubuka, anakula samaki, migebuka ya kukaanga. Ilikuwa muda mrefu hajashiba hivyo.

Zenon akaja akajikalisha. "Zile fito, mama."

"Leo nimekuwa mama?"

"Nilikosea."

"Hata mimi. Ule wa sita."

Akalamba vidole, akaangalia ziwa bila kuliogopa. Adela alituma ujumbe mmoja tu: anataka mwiko wake.

Mwiko hautarudi kwanza. Bado uko kwenye tanga, unashikilia ufito mbichi, na vijiji vingine vitatu pale ufukweni vina mashua zenye vijiti vifupi. Nawe unayesikiliza, mianzi unayo nyuma ya nyumba yako. Jiko linawaka. Inuka. Kata mmoja leo, uutundike kwenye moshi leo, kabla hujamalizia hiyo chai.