Mguso wa Bernadeta

Masika ya mwaka 1982, mvua ikiwa imeikalia milima ya Uluguru wiki nzima, cheche ilimuuma fundi Anselmi kidoleni alipokuwa akifungua kompyuta ya kiwanda. Alijua haiwezekani. Umeme tuli, ule unaozaliwa nguo zinaposuguana, hupenda hewa kavu. Siku ile hata karatasi zilikuwa zimelegea kwa unyevu. Lakini kadi ya mashine aliyoishika, bamba lenye saketi zake, ilikufa papo hapo.

Ya pili ilikufa Jumatano. Ikabaki moja ya akiba, na fedha ya kuagiza nyingine haikuwepo. Meneja alimwambia hiyo ikiungua, arudi kwao Mlali akalime kabichi.

Hakuogopa kabichi. Kila cheche ilitanguliwa na harufu ya mafuta ya nazi, na cheche yenyewe ilimpiga palepale, kwenye kidole cha shahada cha kushoto, ambapo mkewe Bernadeta, aliyezikwa Februari, alizoea kumgonga kwa ukucha akitaka asikilizwe. Fundi hufunga kwanza mkononi kikuku chenye waya wa ethi, ili umeme wa mwili ushukie ardhini, usiue kadi. Mara ya kwanza Anselmi alisahau kukifunga. Mara ya pili hakusahau.

Mlinzi, Mzee Dadi, aliisikia harufu ile na mchakarisho wa nguo ndani ya chumba kitupu. Alisema yeye aliajiriwa kuzuia wezi tu, akaenda Mafiga kumwita Bi Mwaisha, mganga.

Bi Mwaisha hakuitazama mashine. Aliuliza kama ndugu wa marehemu walichukua nguo zote siku ya kuanua matanga. Anselmi akafungua koti. Ndani alivaa sweta la nailoni la Bernadeta, alilowaficha shemeji zake.

"Huyo si mkeo, mwanangu. Ni jini. Limejifunza mkono wake."

"Najua, mama. Lakini linanigonga kama yeye."

Bi Mwaisha akamwambia avue sweta lirudi kwa wenyewe, afunge waya wake, kwani yeye hakuwa na dawa ya kuushinda huo.

Anselmi akavua, sweta likilia tititi, akafunga kikuku, akaishika kadi ya mwisho, na harufu ya nazi ikazidi, na kitu kikateremka kutoka begani hadi kiwikoni, kikamgonga kidole, kikamgonga tena, na sauti ileile aliyoizika ikamnong'oneza sikioni, "Anselmi, nisikilize kidogo," naye akatamani kuukata ule waya, asiukate, mpaka kitu kile kikaufuata taratibu, kikikwaruza kama kucha ukutani, hadi chini.

Akaichomeka kadi, taa za mashine zikawaka. Mzee Dadi akashusha pumzi.

"Twende, mwanangu," Bi Mwaisha alisema.

"Nisubirini kidogo, mama. Siku aliyougua alinigonga, nikamwambia nina kazi."

Alifungua kikuku, akakinyoosha kidole hewani. Walimsubiri mpaka king'ora cha zamu kikalia, kisha wakamwacha, naye bado amekinyoosha.