Bibi Harusi Kwenye Benchi la Nyuma

"Dorcas! Umefuata nini huku?"

Amos Thackray alimdaka mkono mlangoni pa kanisa, rangi imemtoka usoni. Nyuma yake matanuri ya kuyeyushia chuma ya mji wa Skelby yalitoa moshi kama siku zote. Moto ule haukujua Jumapili.

"Nimefuata cheti. Mchungaji wetu wa ng'ambo ya mto anataka uthibitisho kwamba ndoa imetangazwa na huku kwenu mara tatu. Wiki mbili unaniambia umesahau kukiagiza. Harusi ni Jumamosi, Amos!"

"Nitakuletea mwenyewe. Panda kivuko urudi, tafadhali. Leo wanasoma tangazo letu la mwisho. Bibi harusi akisikia tangazo lake, watoto wanazaliwa mabubu."

"Wakiwa mabubu nitapata usingizi."

"Usifanye utani na mkosi!"

Dorcas alimtazama vizuri. Pande zote mbili za mto, mabibi harusi walikaa nyumbani Jumapili hizo tatu, na yeye mwenyewe alishakaa mbili bila kunung'unika. Lakini huyu ni mwanamume aliyekoroga chuma kilichoyeyuka huku akipiga mluzi. Leo anatetemeka kwa sababu ya mkosi?

"Niache nipite," akasema, akaenda kukaa benchi la nyuma.

Mahubiri yalikuwa marefu, na bahari ilisikika kuliko mchungaji. Hatimaye mchungaji akafungua daftari la ndoa.

"Natangaza ndoa kati ya Amos Thackray, mgane, wa parokia hii, na Dorcas Raine, ambaye hajaolewa, wa parokia ya ng'ambo. Hii ni mara ya tatu na ya mwisho. Mwenye kujua kizuizi chochote aseme."

Mgane. Kule kwao Amos aliandikisha kwamba hajawahi kuoa. Hapa asingethubutu, maana bila shaka mchungaji huyuhuyu ndiye aliyemzika mke wake. Akatazama benchi la mbele. Mama yake Amos alikuwa amempakata kitoto cha kike cha miaka kama mitatu, chenye nywele nyekundu zilezile za Amos.

Akaelewa. Dorcas alilelewa na mama wa kambo, na alama za mkanda wa mama huyo alikuwa nazo mgongoni mpaka leo. Siku ya kwanza kutembea na Amos ufukweni alimwambia wazi kwamba mwanamume mwenye mtoto hamtaki. Amos alicheka tu, akabadilisha mazungumzo.

Alisimama.

"Mimi ninacho kizuizi."

Kanisa zima likageuka.

"Wewe nani, binti?" mchungaji akauliza.

"Dorcas Raine."

"Bibi harusi mwenyewe? Kizuizi gani?"

"Huyo mgane uliyemsoma simjui. Mimi nilichumbiwa na kijana ambaye hajawahi kuoa. Sikubali ndoa hii."

Mchungaji alimtazama Amos aliyesimama mlangoni, naye Amos akatazama sakafu. Mchungaji akachukua kalamu, akalifuta tangazo kwa mstari.

Amos alimkimbilia mpaka gatini, kofia mkononi.

"Dorcas, nisikilize! Ningekuambia baada ya harusi. Mama angekaa na mtoto, usingesumbuka hata siku moja."

"Kwa hiyo ungemficha mwanao maisha yake yote?"

"Ulisema hutaki! Ningekwambia ungenikataa."

"Ningekukataa, ndiyo. Ningelia wiki nzima, nisile. Halafu ningevuka kuja kukuuliza mtoto anaitwa nani." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikupenda kiasi hicho, mjinga wewe."

Amos alimsogelea.

"Anaitwa Effie. Basi niulize sasa, mpenzi. Tuanze upya, twende ukamwone."

Mwenye kivuko alishafungua kamba. Dorcas akaingia, akakaa akimtazama Amos.

"Effie hajanikosea kitu," akasema. "Mwambie bibi yake namsalimia. Ila wewe umemkana mwanao kwa ajili yangu, Amos. Siku moja ungenikana na mimi kwa ajili ya mwingine."

Kivuko kikaondoka.