Aliyekaa Kando ya Hesabu

Saa sita kamili mchana, jua likiwa la utosi, Aika aliona kwenye skrini jambo ambalo mtu mwingine asingelijali. Kazi mbili zilikuwa zimebanana kwenye kiini kimoja cha kompyuta, na viini vingine vitatu vimelala tu.

Aika alikuwa fundi wa ofisi ndogo ya tahadhari za mafuriko pale Ndundu, hatua chache kutoka darajani. Kwao ni Machame, na wenyeji hawakuchoka kumtania kwamba mtu wa mlimani kaletwa kulinda maji. Kompyuta yake aliijua kuliko jiko lake. Ilikuwa na viini vinne, ila kila kiini kiliweza kushika kazi mbili kwa pamoja: hii ikisubiri, ile inapenya. Ndiyo maana mfumo endeshi, yaani msimamizi anayezigawia kazi nafasi zake, ulihesabu nafasi nane. Lakini msimamizi mwenye akili hadanganyiki na hiyo nane. Anajua kuwa ni mabenchi manne ya watu wawili wawili, na hawabananishi abiria kwenye benchi moja wakati lipo lisilo na mtu, kwa sababu wakibanana kila mmoja anaenda nusu mwendo.

Na siku hiyo nusu mwendo ulikuwa balaa. Mvua ilikuwa imemwagika bara siku nne mfululizo, maji yalikuwa yanashuka, na saa kumi jioni yangekutana na bamvua, maji makuu ya bahari, kule kwenye mikoko. Richard, mume wa Aika, alikuwa muuguzi wa zahanati ya Salale, huko huko mikokoni, na siku hiyo alikuwa na wazazi watatu na vichanga vyao. Boti ilikuwa tayari. Alichokosa ni saa ya kuondoka: akitoka wakati mbaya, mkondo ungemkuta njiani, akichelewa, ungemkuta bado zahanati na wagonjwa wake. Saa hiyo ilikuwa ndani ya hesabu ya mwendo wa maji aliyokuwa akiiendesha Aika. Kwa kawaida ilichukua dakika arobaini, na mwisho wa Richard kuondoka ulikuwa saa saba.

Aika alitafuta jina la hiyo kazi iliyobanana na hesabu yake. Haikuwa na jina. Haikuwa na namba wala mwenyewe, nafasi tu iliyokuwa inatumika mpaka juu. Akaihamisha hesabu yake kwenye kiini cha kwanza. Ikapumua kidogo, halafu nafasi ya pembeni yake ikajaa. Akaipeleka kwenye cha nne. Ikafuatwa. Hapo ndipo kijasho chembamba kilipomtoka, maana kitu kilichoharibika hakichagui jirani.

Feni ya kompyuta ilibadilisha mlio. Ilikuwa inavuta, inatulia, inatoa, taratibu kama mtu mzima aliyelala mchana. Halafu ikaja harufu ya tope la mto na kamba iliyoloa, ndani ya chumba chenye madirisha yaliyofungwa.

Bi Mwanajuma, mhudumu wa ofisi, aliingia na birika la chai akasimama mlangoni. Hakuuliza harufu ni ya nini. Alivua kandambili, akatazama skrini ambayo kwa miaka miwili alikuwa akiipangusa vumbi tu, akataka kujua zile nguzo nane zinazopanda na kushuka ni nini. Aika akamweleza haraka haraka, bila kugeuza uso, habari ya mabenchi na nafasi za pembeni.

"Kwa hiyo ukikaa wewe, kando yako panabaki wazi," alisema Bi Mwanajuma kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Basi umemkaribisha mwenyewe, mwanangu."

Akasimulia kwa kunong'ona. Baba yake alikuwa mtu wa kivuko, kabla ya daraja. Hata kivuko kijae namna gani, nafasi moja kwenye benchi la mwisho haikukaliwa. Ilikuwa ya mwenyeji wa mto, naye alivuka kila adhuhuri kando ya abiria mmoja, akimsikiliza mawazo, bila kumdhuru. Daraja lilipofunguliwa watu walisherehekea wakasahau kumuaga.

"Muulize jina," alisema. "Mpe marashi, muonyeshe pa kwenda. Ukimnyang'anya kiti tu, atatafuta kingine."

Aika alitazama saa. Ilikuwa sita na nusu, na hesabu haijafika hata nusu. Alikuwa Mlutheri, binti wa mzee wa kanisa, na mambo ya kumuuliza jina mtu asiyeonekana aliyaona ya aibu. Lakini aibu haikuwa sababu ya kukataa; sababu ni kwamba alikuwa akimwona Richard amesimama gatini na kichanga cha mtu mkononi, akitazama simu isiyolia.

"Bi Mwanajuma, sina muda."

Alijua amri moja inayouambia mfumo uzifunge nafasi zote za pembeni, kila kiini kibaki na kazi moja tu, bila hata kuzima kompyuta. Bi Mwanajuma alimshika bega, akamsihi angoje japo alete chupa ya marashi kutoka kwenye mkoba wake, na feni ikavuta pumzi ndefu ambayo haikutolewa, na ile harufu ya tope ikapanda mpaka ikawa ladha mdomoni, na nywele za kisogoni zikamsimama moja moja kana kwamba mtu aliyeketi nyuma yake anazihesabu, na Aika akapiga moyo konde, akabonyeza.

Nguzo nane zikawa nne. Feni ikarudia mlio wake wa siku zote. Harufu ikakatika. Hesabu ikaanza kukimbia, na saa saba kasoro dakika tano jibu likatoka: ondokeni sasa hivi, mshike mkono wa kusini wa mto. Akatuma, akaweka kichwa mezani, akalia kwa furaha bila kujificha.

Saa tisa Richard akapiga simu. Wamefika pakavu, wazazi wote na vichanga vyote. Aika alitaka kumwambia kwamba anamshukuru Mungu. Neno lilikuwepo, alilijua, lakini lilimjia polepole, nusu kwa nusu, kama linasubiri zamu.

"Aika? Mbona unavuta maneno? Na huyo anayehema karibu na simu ni nani?"

Bi Mwanajuma alikuwa ameweka trei mezani. Ilikuwa na vikombe viwili, naye mwenyewe hakuketi. Aliinama, akamtazama Aika usoni kwa huruma nyingi, kisha akamuuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni, "Na wewe, jina lako nani?"

Aika alifungua mdomo aseme kwamba mchezo huo hautaki. Kabla hajatamka, mtu ndani ya kichwa chake alikohoa, akamwomba kwa upole wa msafiri aliyesimama muda mrefu, "Sogea kidogo."

Na Aika akajihisi anasogea.