Kibwagizo cha Mama Seif

"Ukiimba kibwagizo hicho kesho arusini, Zuena, nakupa talaka mbele za watu!"

"Nipe, Zubeiri. Nitaondoka na mwanangu na shairi langu."

Zubeiri, muuza vitambaa wa Kiruruma, alikuwa jeuri sokoni tu. Wiki tatu zilizopita Mzungu wa boma aliamuru kijana wao Seif achapwe viboko ishirini na tano. Kosa lake? Alibaki ameketi kitini Mzungu alipopita. Mpaka leo alilala kifudifudi, na mama yake ndiye aliyemkanda mgongo.

"Basi kiimbe mara moja. Kwa nini kila ubeti?"

"Kwani yeye walimchapa mara moja? Viboko ishirini na tano, beti ishirini na tano."

"Karani wa boma atakuwepo!"

"Ulinioa kwa kuitikia mashairi yangu, baba Seif. Leo unayaogopa?"

Zubeiri akatoka. Moyo ulimuuma Zuena, maana alimpenda mwanamume yule, woga wake na yote.

Kesho yake, arusini kwa mpwa wao Mwaja, Zuena alisimama. Kwa desturi yao, mwimbaji haingii ubeti mwingine mpaka kibwagizo kiitikiwe, na mwitikiaji wa Zuena siku zote alikuwa mumewe. Siku hiyo Zubeiri aliinamia sahani ya ndizi.

"Tumbo nilibeba mimi, miezi tisa jamani,
Ni mweusi kama mimi, asikalie kitini?
Nimemnyonyesha mimi, mwamchapa kosa gani?"

Wanawake wakaitikia. Kufikia ubeti wa tano hata akina mama wa Kinyambo, wenyeji wa huko, ambao Kiswahili chao ni cha kuulizia chumvi, walikuwa wamekishika:

"Nimemnyonyesha mimi, mwamchapa kosa gani?"

Ubeti wa tisa, karani akainuka.

"Atakayeitikia tena, jina lake linakwenda bomani!"

Zuena akaimba kibwagizo peke yake. Hakuna aliyeitikia. Akakirudia. Akakirudia mara ya tatu.

"Zubeiri," karani akasema, "mnyamazishe mkeo."

Zubeiri akasimama. Majirani walikuwa wamesikia ugomvi wa jana, na watu wote walijua ameapa kutoa talaka.

"Mke wangu," akasema, machozi yakimtoka, "nimekuacha peke yako wiki tatu. Nisamehe."

Kisha akaitikia kwa sauti ya ujana wake:

"Nimemnyonyesha mimi, mwamchapa kosa gani?"

"Nitaandika jina lako!"

"Andika. Zubeiri bin Abdulrahim, baba yake Seif. Mke wangu umwandike chini yangu, maana simwachi."

Mama mmoja wa Kinyambo akapaza sauti, "Na mimi!" Wa pili akafuata, kisha ukumbi mzima, kila mtu akitaja jina lake na la mama yake, mpaka karani akafunga daftari.

Zuena alimtazama mumewe, akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Unaweza kuitikia mpaka mwisho?"

"Imba, mama Seif. Bado kumi na sita."